Majibu yasema huna, moyo wakataa

SWALI: Daktari, pokea salamu. Mimi ni mwendesha boda hapa Kondele, Kisumu. Mwaka jana kondomu ilinipasukia nikiwa na mwanamke nisiyemjua vizuri. Nilipima baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita: sina virusi vya Ukimwi. Lakini shingoni nina vivimbe viwili, ulimi una utando mweupe, na suruali zinanipwaya. Juzi nikanunua kifaa cha kujipima kwa mate. Usiku kilionyesha mstari mmoja. Asubuhi nilikitoa kwenye pipa la taka nikaona mstari wa pili, hafifu. Abiria mmoja aliniambia kuna virusi vinavyojificha. Mke wangu simgusi tena. Nifanyeje?

JIBU: Tuanze na mstari wa asubuhi, maana ndio uliokurudisha nyuma. Kifaa cha mate kinachotumika sana kwetu husomwa kati ya dakika 20 na 40 tangu kitumbukizwe kwenye kichupa chake. Kabla ya dakika 20 mstari unaweza kuwa bado haujajitokeza. Baada ya 40 majimaji yaliyopanda kwenye utepe huanza kukauka, na yanaweza kuacha kivuli penye herufi T, yaani mahali pa mstari wa pili. Kilichokaa kwenye taka usiku kucha hakisomwi. Mstari hafifu ukitokea ndani ya muda wake, hiyo ni habari nyingine: usiupuuze, nenda kituo cha afya ukathibitishiwe kwa vipimo vingine. Wako haukutokea wakati huo.

Sasa ile miezi. Kipimo cha kudunga kidole hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupambana na virusi. Watu wengi huwa nazo kufikia wiki ya 4, na siku 90 zimewekwa ili hata anayechelewa asikose kuonekana. Kipimo cha maabara kinachotafuta pia antijeni ya p24, yaani kipande cha virusi vyenyewe, hutoa jibu la kutegemewa ndani ya siku 45. Wewe umepima hadi mwezi wa sita. Kinachoweza kuichelewesha hesabu hiyo ni dawa za ARV zenyewe, za kuzuia virusi, zikiwemo PEP (humezwa baada ya tukio la hatari) na PrEP (humezwa kabla, kama kinga). Aliyetumia PEP, ambayo huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, huhesabu miezi mitatu kuanzia siku aliyomaliza dozi. Kama hukumeza kitu cha namna hiyo, jibu lako limekamilika. Dawa za malaria, antibiotiki, pombe ya jana yake na chai ya asubuhi haviwezi kuficha kingamwili kwenye damu.

Na abiria wako hakukosea kabisa. Virusi hujificha kweli, ndani ya seli za mtu aliyekwisha kuambukizwa, na ndiyo sababu ARV humezwa maisha yote. Lakini kwa mtu asiyetumia dawa hizo, kingamwili zinabaki wazi kwenye damu, na hizo ndizo zinazopimwa.

Tukija kwenye mwili: tezi ndogo laini inayoteleza chini ya kidole, isiyozidi sentimita moja, ni ya kawaida. Ukiiminya kila unapongoja abiria itauma na inaweza kuvimba, kisha utaiminya zaidi kwa sababu inauma. Utando mweupe wa ulimi mara nyingi huletwa na kinywa kikavu, sigara au ulimi usiosuguliwa. Hofu nayo hukata hamu ya chakula, ndipo suruali hupwaya. Jipime uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, na uandike. Ukiendelea kupungua huku unakula vizuri, ukikohoa zaidi ya wiki 2, ukilowa jasho usiku, au kivimbe kikiwa kigumu, kinakua au kimezidi sentimita 2, muone daktari na uombe makohozi yapimwe TB. TB humpata hata asiye na virusi. Pia pima kaswende mara moja kama hukupima, kwani kondomu iliyopasuka haikuwa tishio la ugonjwa mmoja tu.

Kipimo cha CD4, yaani hesabu ya seli za kinga mwilini, usilipie. Hicho si kipimo cha kutambua maambukizi, na idadi yake hushuka hata kwa mafua. Utatoka maabara na namba mpya ya kukukosesha usingizi.

Kinachobaki ni hofu, na hofu hii ina jinsi inavyojilisha. Ukipima unatulia siku chache. Akili inajifunza kwamba utulivu huletwa na kipimo, hivyo shaka ikirudi inadai kipimo kingine. Kipimo cha kumi hakitakupa kile ambacho cha tatu kilishindwa kukupa. Kwa hiyo dawa inaanzia kwenye kuacha kukagua.

Andika kwenye karatasi moja tarehe ya tukio, tarehe ya kipimo cha mwisho na miezi iliyo katikati. Hiyo ndiyo hati yako. Usipime tena mpaka uwe na tukio jipya. Kifaa kingine kisiingie nyumbani. Kwa siku 3 za mwanzo usijizuie kugusa shingo, weka tu alama kila unapoigusa. Wengi hushtuka wakiona idadi. Baada ya hapo, hamu ikija, ahirisha dakika 15, kisha 30, kisha saa nzima. Itapanda, itakera, halafu itashuka bila kutiiwa. Ulimi uangalie wakati wa kupiga mswaki tu. Simu nayo: kutafuta dalili mtandaoni saa sita za usiku ni kukagua kulekule. Na rafiki unayemuuliza kila siku, kubaliana naye awe akijibu, “Hilo liko kwenye karatasi.”

Wiki ya kwanza hofu huzidi. Watu wengi huacha hapo, wakidhani njia imeshindwa.

Kwa mke wako, tukio hilo halina sababu ya kukutenga naye. Kama hofu imepita miezi sita au inakuharibia kazi na usingizi, nenda kliniki ya afya ya akili. Kwenu ipo katika hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji bado wanaiita Russia. Tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na tabia ndiyo inayofaa zaidi. Pengine utapewa dawa za kupunguza hofu, fluoksetini au setralini. Hizo hazifanyi kazi siku moja: zipe wiki 4 hadi 6, usizikatishe ghafla. Vidonge vya usingizi vya kununua bila cheti viache, huzoeleka upesi. Mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mume wangu anatumia ARV na kipimo chake kinasema virusi havionekani. Mimi sina, lakini napima kila mwezi nikitetemeka. Mama wa Kaptembwa, Nakuru.

JIBU: Mama, mtu ambaye virusi vyake havionekani na anayemeza dawa bila kuruka hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kinachofaa kufuatiliwa ni kipimo chake cha wingi wa virusi, zaidi ya kidole chako; mwende pamoja siku ya majibu. Wewe pima kwa ratiba ya kliniki. Kama ndiyo kwanza ameanza dawa, omba PrEP ya kukuvusha miezi sita ya mwanzo. Utafiti mkubwa uliothibitisha kuwa PrEP huwakinga wenza kama nyinyi, uliochapishwa 2012, ulifanyika Kenya na Uganda, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake.

SWALI: Mashine ya kinyozi ilinikwaruza Kakamega. Nipime Ukimwi?

JIBU: Kwa mkwaruzo huo, hapana. Virusi vya Ukimwi hudhoofika haraka damu ikikauka. Kinachostahili kuogopwa kwa kinyozi ni kirusi cha hepatitisi B, ugonjwa wa ini, ambacho huweza kudumu nje ya mwili siku 7 au zaidi. Chanjo yake ipo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita.