Wasomaji Wauliza: Maadili Yafundishwe Vipi Hadi Yaonekane Kwenye Matendo?

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa walimu na wazazi wenye kero moja: watoto wanayataja maadili vizuri, lakini hawayaishi. Msimamo wetu katika majibu yote ni huu: mtoto hujifunza uadilifu pale shule au nyumba inapomtaka aamue jambo, aeleze sababu, kisha abebe matokeo ya uamuzi wake.

SWALI: Nina kipindi kimoja cha maadili kwa wiki, dakika 40. Wanafunzi wangu wana miaka 11 na 12. Wanaorodhesha uaminifu, heshima na uwajibikaji bila kukosea, lakini kengele ikilia tu wanarudi kutukanana na kufichiana madaftari. Nakosea wapi? (Mwalimu wa darasa la sita)

JIBU: Ndugu mwalimu, tatizo liko kwenye kazi unayowapa. Ukimpima mtoto kwa kuorodhesha, atakuwa hodari wa kuorodhesha. Kati ya 1928 na 1930, Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia maelfu ya watoto nchini Marekani. Waliwapa nafasi ya kudanganya katika mitihani, michezo na kazi za nyumbani. Aliyedanganya mahali pamoja mara nyingi alikuwa mwaminifu mahali pengine, na kuzijua kanuni za uadilifu hakukuwa na uhusiano mkubwa na kuzifuata. Mazingira na mazoea ndiyo yaliyobeba uzito.

Kwa hiyo kipindi chako kigeuze kiwe cha kuamua. Andaa kisa kifupi, nusu ukurasa, ambamo mambo mawili mema yanagongana. Kwa mfano: rafiki yako amechukua kitabu cha maktaba bila kuandikisha, akakuomba usimtaje kwa kuwa atakirudisha kesho. Mwalimu anatangaza kwamba darasa zima halitaingia maktaba mpaka kitabu kipatikane. Utafanya nini leo?

Dakika 5 za kwanza soma kisa mara mbili. Dakika 4 zinazofuata kila mtoto aandike peke yake, kimya, uamuzi wake na sababu moja. Usiruke hatua hii: bila ya kuandika kwanza, watoto watamfuata mwenye sauti kubwa, nawe utadhani wamekubaliana. Kisha dakika 12 kwa makundi ya watu wanne, ambapo kila mmoja anaeleza sababu ya jirani yake kabla ya kutoa yake. Dakika 14 ni za mjadala wa darasa zima, na 5 za mwisho waandike tena: umebadilisha uamuzi au la, na ni hoja gani iliyokugusa?

Wakati wa mjadala, uliza kisha nyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza mazungumzo ya darasani, aligundua kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kukaa kimya walianza kusema. Hesabu moyoni ikibidi.

Yapo mambo matatu yanayoharibu kipindi cha namna hii. La kwanza ni mwalimu kuonyesha mapema jibu analolipenda. Kuanzia hapo watoto wanacheza mchezo wa kumbahatisha. La pili ni kisa cha mbali mno, cha wafalme na majambazi, ambacho hakuna mtoto atakayekutana nacho kesho. La tatu ndilo zito kuliko yote: kuwaachia watoto wadhani kila kitu ni maoni tu. Yapo mambo yasiyopigiwa kura, kama kumuumiza mtu, kumdhalilisha, au kumbebesha asiye na hatia lawama. Yaseme waziwazi, tena kwa sababu zake. Mjadala uhusu namna ya kutenda haki pale inapokuwa ngumu, usihusu kama haki inahitajika.

Kipindi kisiishie kwenye daftari. Chagueni tendo moja la wiki linaloonekana kwa macho, mathalani kurudisha kilichookotwa kabla ya mwisho wa siku, kisha wiki inayofuata anzeni kwa kuulizana nini kiliwazuia. Hapo ndipo utakaposikia mambo ya kweli.

SWALI: Nilianza kumpa binti yangu wa miaka 7 kibandiko cha nyota kila anapomsaidia mdogo wake. Sasa hasogezi hata kiti kabla ya kuuliza atapata nini. Niache? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Acha, mama, lakini usiache kimyakimya. Mwambie kwamba nyota zimekwisha kwa sababu kusaidiana ni kazi ya kila mtu wa nyumba hii, na utarajie siku kadhaa za manung'uniko.

Kilichotokea kwako kinajulikana. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti wakichora, wengine walipewa cheti bila ya kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, walipoachwa wachague wenyewe la kufanya, wale walioahidiwa ndio waliochora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Zawadi yenyewe haikuleta madhara; madhara yaliletwa na ahadi iliyotangulia.

Faini nayo huwapata watu wazima vivyo hivyo. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Baadhi ya vituo vilianza kuwatoza wazazi waliochelewa kuwachukua watoto. Wachelewaji wakaongezeka, na faini ilipoondolewa hawakupungua. Wazazi walikuwa wameshaiona kama bei ya huduma, na aibu ya kumchelewesha mlezi ikawa imeondoka.

Badala ya nyota, taja tendo na faida yake kwa mwenzake: "Umemfungia mdogo wako viatu, naye amewahi kutoka." Sentensi hiyo inamwonyesha mtoto kazi iliyofanywa na mtu aliyenufaika. "Wewe ni mtoto mzuri" haimwonyeshi chochote.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mkuu wetu anataka kila somo liwe na maadili. Niyaingize wapi katika milinganyo? (Mwalimu wa sekondari)

JIBU: Usiingize hotuba. Angalia jinsi unavyotoa alama za maabara. Mwanafunzi anapima mchapuko wa mvuto (kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde) kwa pendulamu, yaani kitufe kinachobembea kwenye uzi, anapata 9.2, anaangalia kitabu, anaona 9.8, anafuta namba zake na kuandika zinazofanana na kitabu. Kwa nini? Kwa sababu alama zote ziko kwenye jibu. Umemfundisha kughushi matokeo bila ya kutamka neno.

Katika zoezi la alama 10, toa 4 kwa vipimo vilivyoandikwa kama vilivyosomwa, kwa wino, kosa likikatwa kwa mstari mmoja badala ya kufutwa. Toa 3 kwa hesabu, na 3 kwa maelezo ya kwa nini jibu limetofautiana na linalotarajiwa: kuhesabu mizunguko vibaya, kupima uzi bila ya kufika katikati ya kitufe, kubonyeza saa kwa kuchelewa. Ukikuta meza nne zina 9.8 kamili, uliza maswali.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 4 ameanza kusema uongo. Namsimulia hadithi za waongo waliopata mateso, lakini wapi! Nasi tumefundishwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. (Bibi)

JIBU: Bibi, usiogope. Uongo wa umri huo huja mtoto anapotambua kwamba wewe hujui yote anayoyajua yeye. Ni hatua ya kukua kwa akili, ingawa inahitaji kuelekezwa.

Badilisha hadithi. Mwaka 2014, Kang Lee, Victoria Talwar na wenzao walichapisha jaribio la watoto wa miaka 3 hadi 7. Hadithi za waongo walioadhibiwa hazikuwafanya watoto waungame zaidi. Iliyofaa ni ile ambamo mtoto aliyekosa alisema kweli akasifiwa. Kisha usimuulize unalolijua tayari. "Nani kavunja kikombe?" ni mtego. Sema, "Naona kikombe kimevunjika, lete ufagio tusafishe." Akikiri mwenyewe, atengeneze alichoharibu, basi, usimwongezee adhabu juu yake. Ukimchapa aliyesema kweli, utakuwa umemfundisha kuficha vizuri zaidi.

SWALI: Shule yetu humsimamisha masomo kwa wiki 2 kila anayekamatwa akiibia mtihani. Idadi haipungui. Tuongeze adhabu? (Mkuu wa shule)

JIBU: Hapana. Anayeibia hupiga hesabu ya uwezekano wa kukamatwa kuliko ukubwa wa adhabu. Na kumwondoa darasani wiki 2 kunamrudisha akiwa dhaifu zaidi katika somo lilelile lililomshinda, kwa hiyo kishawishi kinakua.

Anzeni na mtihani wenyewe. Kama mtihani mmoja unabeba muhula mzima, mmejenga kishawishi kwa mikono yenu. Gawanyeni: majaribio 4 ya alama 15 kila moja, na wa mwisho alama 40. Andaeni karatasi za aina mbili, maswali yaleyale kwa mpangilio na namba tofauti, zigawiwe kwa kupishana. Toeni alama za njia, ili jibu tupu lisiwe na thamani.

Mkimkamata mtu, msimwaibishe mbele ya wenzake. Andikeni saa na swali alilofikia, chukueni karatasi, mpeni nyingine amalize. Baada ya mtihani, msimamizi na mwalimu wa darasa wakae naye faragha wamuulize mambo matatu: ulifanya nini, nani amedhulumiwa, utatengenezaje? Ajibu swali la pili kwa undani, maana wengi hudhani hakuna aliyedhulumiwa. Afanye mtihani mwingine wenye maswali tofauti, na alama zake ziwe za mtihani huo. Kosa la tabia liandikwe kwenye kumbukumbu ya mwenendo. Msilichanganye na alama za somo.

Na tuseme lisilopendeza: mwalimu anayewanong'oneza wanafunzi majibu ili wastani wa shule upande amefundisha somo la maadili lenye nguvu kuliko vipindi vyote vya mwaka. Mkianza na wanafunzi kabla ya walimu, hamtafika.

SWALI: Kamati yetu inataka kuweka alama ya maadili kwenye ripoti ya kila mwanafunzi. Ni sahihi? (Mjumbe wa kamati ya shule)

JIBU: Hatushauri. Mtoto ataigiza wema mbele ya mtoa alama, na mtoto mkimya atapewa sifa asizozifanyia kazi. Ipimeni shule kwanza.

Wekeni daftari moja la matukio ya uonevu, ugomvi na wizi, likiwa na safu za mahali, saa na kilichofuata, bila majina. Baada ya wiki 6 mtaona mengi yanarundikana sehemu chache: vyooni, kwenye ngazi, dakika 10 kabla ya kengele ya asubuhi. Pangeni mtu mzima hapo. Sambamba na hilo, kila muhula wapeni wanafunzi dodoso lisilo na jina: kuna mahali shuleni unaogopa kwenda? Uliona mwenzako akionewa? Waliokuwa karibu walifanya nini? Ungemwambia mwalimu yupi?

Msishtuke kama matukio kwenye daftari yataongezeka miezi ya mwanzo. Mara nyingi maana yake ni kwamba watoto wameanza kuripoti. Linganisheni na dodoso: kama wanaoogopa wanapungua na wanaoingilia kati kumtetea mwenzao wanaongezeka, endeleeni hivyo hivyo hata kama daftari linajaa.