Bufee Kunduchi: mlipie nani, mle saa ngapi

Dada, umeuliza kama mlipie bufee wote watano, watu wazima wawili na watoto watatu, mtakapokwenda kwenye michezo ya maji Kunduchi. Msilipie wote. Mtoto wa miaka 6 akishaonja mteremko wa kwanza hakai mezani. Atakula chipsi na soseji mbili, kisha atataka kurudi majini. Huyo mnunulie sahani ya kawaida.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize: nusu bei ya mtoto inaishia miaka mingapi, VAT imo kwenye bei, na vinywaji je? Mara nyingi vinywaji havimo, na hapo ndipo bili inapopanda, maana kwa joto la Dar watoto hawaachi kuomba maji na soda. Kisha linganisha bei ya kichwa kimoja na jumla ya kuku robo, chipsi na soda. Ikizidi mara mbili, bufee inamfaa tu yule anayerudia nyama na samaki.

Faida yake halisi ni muda. Wikiendi chipsi kuku za kuagiza huchelewa sana. Kwenye bufee unapakua na kukaa. Nendeni mara tu inapofunguliwa, kwa sababu baadaye samaki hukauka. Saladi yenye mayonezi iliyokaa kwenye joto zaidi ya saa nzima iacheni kabisa, hasa watoto. Na mkishashiba, pumzikeni kama nusu saa kabla ya miteremko. Mtoto aliyejaa wali hutapika upesi.