Moto wa mwisho ndio wa kuchunga

Shikamoo fundi. Natengeneza tindo kwa springi za gari hapa Kongowea. Nyingine huvunjika pigo la kwanza, na ndani zinameta kama chumvi ya mawe. Springi ni mbovu?

Marahaba. Springi haina kosa. Kule kumeta ni chembe za chuma zilizonenepa. Chuma kimejengwa kwa chembe ndogo zilizobanana, na kikizidi moto, au kikikaa motoni muda mrefu, kubwa humeza ndogo. Ukikifua kingali moto, chembe zilizopondeka huzaa mpya, ndogo zaidi. Kwa hiyo moto wa kwanza hata ukifika njano, nyuzi 1,100 hivi, si neno, maana mapigo mengi yako mbele. Balaa ni ule wa mwisho. Umemaliza kufua, unarudisha kipande kwenye makaa "kikolee", unaenda kunywa kahawa. Ukirudi chembe zimenenepa na hakuna nyundo tena ya kuzipunguza, nawe unakichovya kwenye oili hivyo hivyo. Moto wa mwisho uwe mwekundu tu, na mapigo yawe mepesi.

Kipande kilichokwisha kunenepa chembe kinatengenezeka?

Naam, na nakusihi usikitupe. Kipashe mpaka sumaku ikatae kunata, kama nyuzi 770, ongeza moto kidogo, kisha kiache kipoe chenyewe mahali pasipo upepo wala maji. Fanya hivyo mara tatu, kila mara moto upungue kidogo, ndipo ukipashe tena na kukichovya kwenye oili. Nilivunja makusudi vipande viwili vya springi moja: kilichotulizwa hivi kilikuwa kijivu laini kama majivu, mwenzake punje tupu. Ila kilichotoa cheche motoni kimeungua; hapo kata sehemu hiyo, haiponi.

Nitajuaje moto bila kipimo?

Sumaku, na kivuli. Jua la saa saba la Mombasa huficha rangi: unaona chekundu, kumbe kimeshafika machungwa. Jenga tanuri ndani ya banda.

Basi nikifua mpaka kipoe kabisa, chembe si zitakuwa ndogo zaidi?

Usijaribu. Wekundu ukishafifia, chuma cha springi hakikubali tena kutanuka, hupasuka. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, mara nyingi huuoni mpaka kipande kitoke kwenye oili. Wekundu ukianza kufifia, kirudishe motoni, na usibanduke hapo.