Ukitaka kuvaa nyeusi tupu na kupiga picha za kiza hapa Mombasa, anza na kitambaa

Koti langu la kwanza la maana nililitoa Kongowea kwenye mtumba, kitani rangi ya maziwa, refu karibu lifike chini, mabega yameanguka, nikalishika tu nikajua hili ni langu. Nikanunua pakiti za rangi nyeusi, nikachemsha sufuria kubwa, nikatia chumvi kama pakiti ilivyosema, nikakoroga na mwiko karibu saa nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Koti likatoka jeusi zuri, lakini mishono yote imebaki myeupe, kola, mifuko, pindo, kila mahali, kama mtu amelichora na chaki. Nililia wallahi. Kumbe uzi wa cherehani mara nyingi ni poliesta, na poliesta haishiki hii rangi ya kuchemsha nyumbani, zinazoshika ni pamba na kitani. Kwa hivyo kabla hujanunua cha kupaka rangi soma ile lebo ya ndani, na kama mishono myeupe huitaki mpelekee fundi akishone upya na uzi mweusi.

Mimi langu sikulipeleka kwa fundi. Nilipopiga picha ya kwanza nikaona ile mistari myeupe ndiyo inayoonyesha umbo la koti, bila hiyo ningekuwa doa tu jeusi na kichwa juu yake. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho watu wengi wanaoanza huu mtindo hawakitilii maanani, yaani wanavaa nyeusi juu ya nyeusi, kitambaa kimoja juu mpaka chini, halafu wanashangaa picha haina kitu. Nyeusi si moja. Pamba yameza mwanga, satini yaurudisha, ngozi yang'aa kwenye mikunjo, wavu wapitisha. Changanya angalau mbili. Nenda Biashara Street ukiwa na muda, usione haya kuomba wakufunulie majora, uliza nida, uliza krepu, zile wanazoshonea buibui, halafu sogea nazo mlangoni uzikunje mkononi uone mkunjo unaangukaje. Sufu achana nayo, joto la hapa litakuua, utajaa jasho na usoni itaonekana.

Kuna wanaoniambia nimeiga Wajapani. Sikatai nimewasoma sana, wale wabunifu wa mavazi Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto walipopeleka nguo zao Paris 1981, nyeusi, kubwa kubwa, hazifuati mwili, watu kule walishtuka kweli. Lakini mimi nimekua nikimtazama nyanya yangu akitoka na buibui lake la zamani, lile la kitambaa kizima lenye kamba ya kufunga kichwani, upepo wa kusi ukiingia chini linajaa kama tanga halafu linarudi mwilini taratibu. Hilo jambo sijaliona kwenye jarida lolote. Nikimpa fundi kazi huwa namwonyesha kwa mikono vile buibui lilivyokuwa likianguka, ananielewa haraka kuliko nikimwonyesha picha ya simu.

Sasa kamera. Kamera huchukulia kwamba kila unachoielekezea ni kijivu cha wastani, ikiona nguo nyeusi imejaa kwenye fremu yadhani kuna kiza basi yaongeza mwanga yenyewe, na nyeusi yako yatoka kijivu iliyochoka. Shusha eksposha, yaani kiasi cha mwanga kamera inachopokea, wewe mwenyewe, stopu moja (nusu ya mwanga), wakati mwingine mbili. Kwenye simu gusa uso kwenye skrini kisha vuta kile kijua chini. Lakini angalia, ngozi zetu nyingi ni nyeusi pia, ukishusha ovyo uso unapotea na nguo, na picha ya kiza bila macho haina roho. Mgeuze mtu uso kidogo upande mwanga unakotoka, mpake mafuta ya nazi kidogo juu ya mashavu, hapo ndipo mwanga utashika.

Mchana wa jua kali usijisumbue, jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Mimi hupenda Mji wa Kale asubuhi, kwenye vichochoro vinavyotokea Ndia Kuu, wakati jua limegonga ukuta mmoja tu juu na chini bado kuna kivuli. Ule ukuta wa chokaa wakurushia mwanga laini bure kabisa, simamisha mtu wako mkabala nao, mgongo kwenye mlango wa mbao. Mwezi wa tano mvua ikishika ni bora zaidi, mbingu kijivu siku nzima, mawe yamelowa. Ukitoka chumba cha AC ipe lenzi muda izoee joto kwanza, la sivyo itafanya ukungu.

Na tafadhali, mama wa watu anayepita na buibui lake akienda sokoni si pambo la picha yako. Nimeona wapiga picha wakijificha kwenye kona wakisubiri apite ndio picha "iwe na hisia" na inaniuma, yule anaenda zake. Mwamkie, muulize, akikataa shusha kamera. Wazee wa baraza pia, ukisalimu vizuri ukaeleza unachofanya, mara nyingi ndio watakaokuambia kichochoro gani kina mwanga mzuri saa ngapi, maana wamekaa hapo miaka.

Kufua ni maji baridi, nguo imegeuzwa ndani nje, sabuni kidogo, yenye rangi mpya peke yake. Jasho usiliache likauke kwenye nguo mpaka kesho, lile la kwapani huacha alama nyeupe. Kuanika ni kivulini. Koti langu lina miaka minne sasa, naliweka hanga kwenye ngazi za ndani ambako upepo unapita, na jua huliona siku ya picha tu.