Namna ya Kuisoma Sheria ya Mikataba kwa Mwanafunzi wa Biashara

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wa uhasibu, wa ununuzi na ugavi na wa usimamizi wa biashara wanaosoma katika vyuo vya Mbeya na Iringa huniuliza namna ya kufaulu somo la sheria ya biashara, hasa sehemu ya mikataba, ambayo huwatisha wengi kwa sababu ndiyo mara yao ya kwanza kushika kitabu cha sheria. Mimi nililisoma somo hilo hapa Mbeya, na tangu nilipomaliza chuo nimekuwa nikikaa na wadogo zangu hawa wakati wa kujiandaa kwa mitihani. Ninachowaambia ni hiki: someni sheria yenyewe kabla ya kitini, na kila kifungu mnachokisoma kipelekeni kwenye biashara mnayoijua.

Sheria inayohusika Tanzania Bara ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ilitungwa mwaka 1961, na sehemu kubwa ya maneno yake inafuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Mwanafunzi anaweza kuiona habari hiyo kuwa ni historia tu, lakini ina uzito mkubwa katika mtihani, kwa kuwa vitini na vitabu vingi vinavyozunguka vyuoni vinaeleza sheria ya Uingereza, na mahali fulani sheria hizo mbili hazisemi jambo moja. Chukua suala la malipo, yaani kile ambacho upande mmoja unakitoa, unakifanya au unajizuia kukifanya kwa sababu ya ahadi ya upande mwingine. Uingereza, tangu kesi ya Tweddle dhidi ya Atkinson ya mwaka 1861, malipo lazima yatoke kwa yule aliyeahidiwa. Kifungu cha 2 cha sheria yetu kinasema yanaweza kutoka kwa aliyeahidiwa au kwa mtu mwingine yeyote, ilimradi yametolewa kwa matakwa ya aliyeahidi. Tena kinakubali hata jambo lililokwisha kufanyika, kama lilifanyika kwa matakwa yake.

Vivyo hivyo kwa ukubali unaotumwa kwa barua. Kesi ya Adams dhidi ya Lindsell ya mwaka 1818 huwafundisha wanafunzi kwamba mkataba umekamilika barua inapowekwa posta. Kifungu cha 4 cha Sura ya 345 kinatenganisha pande mbili: aliyetoa pendekezo anafungwa barua inapotoka mikononi mwa mkubali kiasi kwamba hawezi tena kuirudisha, lakini mkubali mwenyewe hafungwi mpaka habari imfikie mtoa pendekezo, na kwa hiyo kifungu cha 5 kinamruhusu kuubatilisha ukubali wake kabla ya hapo. Mwanafunzi anayejibu kwa kesi ya Uingereza peke yake hupoteza alama bila kujua kwa nini. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona vijana wenye akili na bidii wakiishia wastani kwa sababu hiyo tu.

Ukishakuwa na nakala ya sheria, anza na kifungu cha 10, kwa kuwa ndicho kinachobeba somo zima. Kinasema kwamba makubaliano yote ni mikataba iwapo yamefanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali, na hayakutamkwa na sheria hiyo kuwa batili. Sentensi hiyo moja inakupa maswali utakayoyauliza kila unapopewa maelezo ya mgogoro, na vifungu vinavyoifuata ni majibu ya maswali hayo. Nani ana uwezo? Kifungu cha 11. Hiari ni nini, na huharibiwa na nini? Kifungu cha 13 na vinavyofuata, vinavyoeleza shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu, maelezo yasiyo ya kweli na makosa. Kumbuka pia kutofautisha mkataba batili na ule unaoweza kubatilishwa na upande ulioonewa, kwani watunga mitihani hupenda kuuliza hapo.

Sasa nenda sokoni. Tuseme mkulima wa Isyonje anamtumia mfanyabiashara wa Mwanjelwa ujumbe wa simu kwamba anauza magunia 50 ya viazi kwa shilingi 70,000 kila gunia. Mfanyabiashara anajibu kwamba atayachukua kwa shilingi 65,000. Mkulima anakataa. Jioni, baada ya kusikia kwamba bei imepanda Dar es Salaam, mfanyabiashara anaandika tena kwamba amekubali shilingi 70,000, lakini viazi vimekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Je, mkulima amevunja mkataba? Kifungu cha 7 kinataka ukubali uwe kamili na usio na masharti, na jibu la shilingi 65,000 halikuwa ukubali. Lilikuwa pendekezo jipya lililoliua lile la kwanza. Ndivyo mahakama ya Uingereza ilivyoamua mwaka 1840 katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench, ambapo shamba lililotajwa kwa pauni 1,000 liliombwa kwa pauni 950, na mnunuzi aliporudi kwenye bei ya kwanza akakuta hakuna tena pendekezo la kukubali. Atakayeyapitisha maelezo ya viazi kwenye kifungu hicho mara kadhaa, akibadilisha jambo moja kila mara, hatahitaji kukariri kesi hiyo. Badilisha, kwa mfano, jibu la mfanyabiashara liwe swali tu: “Huwezi kupunguza kidogo?” Je, hapo pendekezo limekufa?

Sehemu ya fidia inastahili kusomwa kwa utulivu zaidi kuliko zote, na kwa bahati mbaya hufundishwa mwishoni, muda ukiwa umekwisha. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo katika hali ya kawaida ya mambo, au ambayo pande zote zilijua, wakati wa kukubaliana, kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haifidiwi. Mzizi wake ni kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, iliyohusu kinu cha Gloucester kilichosimama kwa sababu msafirishaji alichelewesha mhimili uliovunjika. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, akimpa mwenye gari kipuri kilichovunjika akipeleke Mbeya kutengenezwa bila kumwambia kwamba mashine imesimama na hana kipuri cha akiba, yuko mahali pale pale. Jiulize angepaswa kusema nini siku ile, na kumwambia nani.

Kuhusu lugha, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini vyuoni somo hili bado hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni kwamba mjadiliane katika kikundi kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aweze kueleza kifungu kwa maneno yake, kisha mwandike majibu kwa Kiingereza kwa kutumia maneno ya kifungu kama yalivyo. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Tafuta chache zinazotaja kifungu unachokisoma, uone jinsi jaji anavyotoka kwenye ukweli wa shauri hadi kwenye uamuzi.

Katika mtihani, fuata njia hiyo ya jaji. Taja suala linalobishaniwa, andika kifungu na kesi inayohusika, kisha tumia muda mwingi kuliko wote kuonyesha jinsi maneno ya kifungu yanavyogusa watu, tarehe na kiasi kilichotajwa kwenye swali, ndipo umshauri mhusika. Chukua karatasi za mitihani iliyopita, jipimie muda uleule wa mtihani, na umpe mwenzako asahihishe akiwa na Sura ya 345 mkononi.