Usiuze kiwanja kwa ajili ya MRI ya pili

Usikiuze hicho kiwanja. Umeandika kwamba mkono wa kushoto wa mzee unatetemeka tangu mwaka jana, kwamba MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku) imetoka safi na mmeambiwa "basi si Parkinson", yaani ule ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ukakamavu, na kwamba sasa ukoo unachangishana ili apelekwe India akapigwe MRI yenye nguvu zaidi. Kosa hilo nililifanya mimi, kwa mpangilio uleule, na lilimgharimu mama yangu miaka miwili.

Mama alianza kwa kulalamikia bega la kulia. Baadaye tukaona kwamba anapotembea mkono wa kushoto unapunga, ilhali wa kulia umetulia ubavuni kana kwamba umebeba mkoba tusiouona, na kuchambua mchele, kazi aliyoifanya siku zote huku akipiga soga na jirani, kukawa kunammalizia asubuhi nzima. Kwa kuwa dalili zilikaa upande mmoja, sote tuliamua kuwa ni kiharusi. Siti skani ikatoka safi, na MRI nayo ikatoka safi. Daktari aliyetusomea karatasi ya majibu, bila kuinuka kitini wala kumshika mama mkono, alitutangazia kwamba Parkinson haipo na kwamba kinachomsumbua ni umri pamoja na mawazo. Mpaka leo sijamsamehe, kwa sababu alitumia kipimo kukanusha ugonjwa ambao kipimo hicho, kikipigwa kwa kawaida, mara nyingi hakiuonyeshi.

Nami, badala ya kutafuta daktari mwingine, nikatafuta mashine nyingine. Niliuza pikipiki, nikakopa kwenye kikoba, tukasafiri, akapigwa MRI ya pili na kisha ya tatu, hii ikiwa na sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Filamu zilizorundikana nyumbani zingetosha kuezekea banda la kuku. Kila mgeni aliziinua dirishani akawa bingwa, na mjomba wangu aligundua doa jeusi lililowatia watu simanzi mpaka lilipofutika kwa kitambaa.

Nilichokuja kuelezwa baadaye, na ambacho ningelipa pikipiki mbili kukisikia mapema, ni hiki. MRI ya kawaida huonyesha umbo la ubongo, kwa hiyo ile ya kwanza ina faida yake: hutafuta uvimbe, kiharusi, au maji yaliyojaa kichwani. Parkinson hutokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili, katika sehemu ndogo yenye weusi ndani ya ubongo wa kati, na seli hizo hazipungui sawasawa pande zote mbili. Ubongo wa kulia ndio unaoongoza mkono wa kushoto, na ndiyo maana mtetemeko wa mzee wako, kama ni Parkinson, umekaa upande mmoja. Yaani jambo lile lile lililotufanya sisi tufikirie kiharusi, lilipokuja polepole namna ile, lilikuwa linaelekeza kwenye Parkinson. (Udhaifu wa upande mmoja unaokuja ghafla ni habari nyingine: hapo kimbieni hospitali.)

Iko picha inayoweza kuonyesha tofauti hiyo ya pande. Inaitwa DaTSCAN, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, na mgonjwa huchomwa sindano yenye iodini ya mionzi kisha akasubiri saa 3 hadi 6 kabla ya kupigwa. Kwa mtu asiye na ugonjwa huo hutokea alama mbili mfano wa mkato wa maandishi; kwa mwenye Parkinson mkia wa mkato hufifia na kubaki nukta, kwa kawaida ukianza upande ulio mkabala na mkono mgonjwa. Sasa usinielewe vibaya ukakimbilia hiyo. Husaidia pale daktari anaposhindwa kujua kama mtetemeko ni wa Parkinson au ni ule mwingine usiohusiana na upungufu wa dopamini, lakini haiwezi kuitenganisha Parkinson na baadhi ya magonjwa yanayofanana nayo.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ambaye mama alimpata hatimaye hakutazama filamu hata moja kwanza. Alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, mkono mmoja kisha mwingine; akakizungusha kiwiko chake kutafuta ukakamavu; akamtembeza ukumbini. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Akamwandikia levodopa yenye kabidopa, dawa ya kufidia dopamini iliyopungua, na baada ya wiki chache mama alijifunga kanga mwenyewe huku mimi nimekaa pembeni najifanya natafuta miwani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi: pasipo daktari aliyeishika na kuilinganisha mikono yote miwili, hakuna senti inayokwenda kwenye picha nyingine. Mpelekeni mzee kwa bingwa huyo wiki hii, mkiwa na ile ile MRI mliyo nayo na video fupi ya simu akitembea, kisha urudi hapa utuambie kama mkono wake wa kushoto unapunga.