Lehemu ya darasani: risasi ni nusu tu ya tatizo

Mwalimu, umeuliza kama ukinunua lehemu (waya unaoyeyushwa kuunganisha vifaa vya umeme) isiyo na risasi, ile metali yenye sumu, utakuwa umemaliza suala la usalama kwa wanafunzi wako. Nunua hiyo, bila kusita. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na darasani huingia mwilini kupitia vidole: mtoto anashika waya, kisha anapeleka mkono mdomoni. Tafuta iliyoandikwa bati asilimia 99.3 na shaba 0.7; ni nafuu kuliko ile yenye fedha, na kwa mazoezi inatosha kabisa.

Ila moshi ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ule moshi mweupe unatoka kwenye fluksi, yaani dawa ya kusafisha metali ili lehemu ishike, iliyo ndani ya waya, mara nyingi utomvu wa msonobari, nao unaweza kusababisha pumu. Lehemu isiyo na risasi haiuondoi. Tena yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 227, wakati ile ya zamani ya 60/40 (bati 60, risasi 40) huanza kulainika kwenye 183, kwa hiyo ncha ya kifaa cha kulehemu inahitaji joto zaidi na fluksi inaungua zaidi. Weka feni inayovuta moshi kuutoa nje, isiwe ya kuupuliza usoni kwa jirani. Fluksi ya asidi ya mafundi bomba usiiingize darasani: inakula saketi na kuwasha ngozi.

Miwani ya kinga kwa kila mtoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote.